Raba za Marehemu Wafula

Cheka kwanza. Ukimaliza kucheka ndipo unisikilize, maana najua ukisikia raba na marehemu vikitajwa pamoja utasema huyu baridi ya Sweden imempanda kichwani. Sinywi pombe. Siku hiyo nilikuwa nimelala vizuri, nimekula nikashiba, sina homa. Na yaliyonipata yalinipata alasiri, mahali penye taa na watu wanaonunua maziwa. Kama yangekuwa ya kutunga, haki ya Mungu, ningejitungia sehemu nzuri zaidi. Ningejifanya shujaa. Lakini humu ndani mimi si shujaa, na bahati nzuri ni kwamba wewe unanisikia tu, huoni uso wangu.

Mimi ni mtu wa raba. Sisemi raba za kwendea dukani kununua mkate. Nasema zile zinazotengenezwa chache, ambazo duka la Amsterdam au Berlin au Milano linatangaza mtandaoni kwamba zitatoka Jumamosi, na vijana wa Ulaya nzima wanazikodolea macho. Huzipati kwa sababu tu una hamu nazo. Unaandika jina lako, unaingia kwenye droo, unangoja. Wakikuchagua ndipo wanakuuzia. Mtu mmoja, jina moja, jozi moja. Hiyo ndiyo sheria yao.

Sasa sisi ukituambia jina moja, jozi moja, tunachosikia ni kwamba tutafute majina. Nilikuwa naandika langu, la dada yangu aliyeko Södertälje, la jirani, na siku moja ya tamaa niliandika hata la mchungaji wetu, ambaye mpaka leo hajui kwamba aliwahi kushindwa droo ya Milano. Watu wa kwetu tunaazimana masufuria, magari, hata watoto wa kushika pete harusini. Jina ni kitu gani?

Jina lililonifaa kuliko yote lilikuwa la Wafula. Tulitoka upande mmoja, Bungoma, tukakutana Stockholm wote wageni, tukapanga chumba kimoja Akalla kabla hajaoa. Na tulivaa saizi moja. Mpenda raba yeyote atakuambia hiyo ni neema ya pekee. Kila droo tuliingia wote wawili, na aliyeshinda alimwachia mwenzake wikiendi moja ya kutamba. Alipooa akahamia Tumba na mke wake, Mtanzania wa Iringa, ninayemwita shemeji. Hata huko vifurushi vyake viliendelea kuja kwa anwani yangu, kwa sababu shemeji alikuwa amechoka kuona maboksi. Jina lake lilikuwa limezoeleka ndani ya simu yangu kuliko hata langu. Ukibonyeza W tu, simu inamalizia yenyewe.

Wafula alianguka kazini majira ya kuchipua. Moyo. Tulipofika hospitali walikuwa wameshamfunika. Sitaki kukaa sana hapo. Watu walijaa Tumba, Wakenya, Watanzania, Wakongo, wakapika, wakaimba, tukachanga, mwili ukapelekwa nyumbani, na mimi ndiye niliyeusindikiza pamoja na shemeji na binti yao mdogo, Neema.

Jambo moja la msiba ule lazima ulijue. Shemeji alikuwa amewapa wale wa mochari huku suti ya kijivu na raba nyeupe alizozipenda mumewe, wamvalishe. Jeneza lilipofunguliwa kule Bungoma, shangazi yake Wafula akachungulia, akaona miguu, akasema hapana. Kwetu marehemu havalishwi viatu. Akazifungua kamba mwenyewe, mbele ya watu wote, akazivua raba akamrudishia mjane mikononi. Shemeji alilia sana. Aliona mume wake ameaibishwa. Shangazi akaniita pembeni, akaniambia kwa Kibukusu nimweleze yule binti wa watu: mtu akizikwa na viatu hatulii, kwa sababu amepewa cha kutembelea. Atarudi. Na akirudi hatarudi kusalimia tu, ataondoka na mmoja wa nyumba yake.

Nikamwendea shemeji. Nikamwangalia alivyokuwa, macho yamevimba, raba kifuani. Nikamwambia, ni desturi tu, usijali. Yale mengine nikayameza. Niliona namhurumia.

Basi. Miezi ikapita, Novemba ikaingia, na duka moja la Amsterdam likatangaza raba. Sitakueleza sana, nitaanza kuropoka. Rangi ya udongo uliopigwa na mvua, soli nyeupe, kamba rangi ya maziwa. Zilitoka chache mno. Niliandika jina langu. Nikaandika la dada. Kidole kikaenda kwenye W, na simu ikamalizia.

Nililiangalia lile jina. Hapo ndipo ningependa kukudanganya, nikuambie nilijisahau. Sikujisahau. Nilijua amekufa, mimi mwenyewe nilimwaga udongo. Nilijiambia, jina haliumwi. Na yeye angekuwepo angecheka. Nikabonyeza.

Majibu yakaja siku moja. Langu, pole. La dada, pole. La tatu likasema: Hongera Wafula, umechaguliwa, karibu utembee nasi. Ndivyo wanavyoandika hao wauzaji, wanapenda maneno ya bashasha. Na mimi, mtu mzima, nikarukaruka jikoni. Rafiki yangu yuko kaburini ameshinda droo, na mimi narukaruka.

Tatizo likawa kuchukua kifurushi. Huku vifurushi vya namna hiyo vinaachwa kwenye duka la vyakula karibu na kwako, na unachukua kwa kitambulisho. Ukimchukulia mtu, unapeleka chako na chake. Kitambulisho cha Wafula alikuwa nacho nani? Nikampigia shemeji. Nikamwambia kuna mambo ya Wafula ya kazini hayajakamilika, nataka kuyafuatilia, naomba kitambulisho chake kwa siku mbili. Akaniambia Mungu anibariki, wengine wote wameshawasahau.

Nikaenda Tumba. Nilikaribishwa chai, nikanywa, nikaongezewa, nikanywa tena. Kitambulisho alikuwa amekiviringisha kwenye kitambaa cha kichwa, amekiweka chini ya picha ya mumewe. Akanipa kwa mikono miwili. Akaniambia siku hizi anaanza kupata usingizi, na Neema ameacha kukaa mlangoni jioni akimngoja baba. Neema mwenyewe, wa miaka mitano, akanishika mkono kunionyesha kabati la raba za baba yake. Anazijua zote, anakutajia kwa Kiswidi baba alivaa ipi siku gani. Nikazisifu. Kwa kweli zilikuwa nzuri, nilizijua zote, nyingine tulizishinda pamoja. Nikaaga, nikaondoka na kitambulisho mfukoni.

Kesho yake alasiri nikaenda dukani Akalla. Nje giza limeshashuka, kama unavyojua Novemba ya huku, na theluji ya kwanza ilikuwa imeanguka. Dada wa kaunta akapokea namba, akaangalia kompyuta yake, akaniambia kifurushi kimeshachukuliwa.

Na nani?

Akasema na mwenyewe. Amekuja sasa hivi, ameonyesha kitambulisho, amevaa hapahapa na kuacha boksi. Akaliinua boksi tupu toka chini ya kaunta, akaniuliza kama nalitaka. Na mimi kitambulisho cha Wafula nimekishika mkononi, picha yake inaniangalia.

Utadhani niliogopa? Niamini, sikuogopa. Nilikasirika. Nilichofikiria ni kwamba kuna mwizi, na mwizi huyo amezivaa nje kwenye theluji. Nikatoka mbio.

Uwanjani nje ya duka watu walikuwa wanapita na mifuko yao. Mimi sikuangalia sura ya mtu. Niliangalia chini, miguu, miguu, miguu, mpaka nikaziona. Udongo uliopigwa na mvua, soli nyeupe. Zilikuwa zinaelekea kituo cha treni, na zinapita katikati ya njia iliyomwagwa chumvi. Huku wakati wa baridi wanamwaga chumvi na kokoto watu wasiteleze, na chumvi hula ngozi ya raba, hakuna dawa.

"Toka kwenye chumvi!" nikapiga kelele.

Akageuka. Alikuwa Wafula.

Ninavyokuambia haya shingo yangu inawaka moto. Rafiki yangu niliyemzika, nilimtambua kwa raba kwanza, na neno langu la kwanza kwake likawa chumvi.

"Hata wewe," akasema taratibu. "Si ungenisalimu kwanza."

Nikamsalimu. Ungefanya nini? Nikasema habari za siku nyingi, akasema nzuri. Alivaa ile suti ya kijivu, bila koti, katika baridi ile. Mimi mvuke ulikuwa unanitoka mdomoni kila nikisema neno. Yeye hakutoa mvuke. Sura ilikuwa ileile, hata lile jino lake la pembeni.

Akaniambia alikuwa amelala, akasikia anaitwa jina lake, akaamka, akaanza kutembea mpaka alipovikuta viatu vyake vinamngoja. Akanishukuru. Akasema alijua ni mimi, maana nani mwingine anaijua saizi yake? Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema nyumbani. Nikasema, kwa matumaini ya mjinga, Bungoma?

"Kwangu," akasema. "Tumba. Nimemkumbuka sana Neema."

Hapo maneno ya shangazi yakanirudia yote, yale niliyoyameza. Ataondoka na mmoja wa nyumba yake. Nyumba yake ilikuwa na watu wawili tu, na mmoja jana yake alikuwa amenishika mkono.

Nikamwambia avue raba. Nilimbembeleza, nikamwambia zitaharibika, nikamwambia hata ni zangu kwa haki. Hakukasirika. Akainama akajaribu kufungua kamba, vidole vikawa vinateleza tu, fundo halishikiki. Akasema halifunguki kwa mkono wake. Aliyemvalisha ndiye atakayemvua.

Maana yake nipige magoti pale uwanjani, kwenye theluji, nimfungue kamba. Jambo dogo. Mama yeyote anamfanyia mtoto wake kila asubuhi. Lakini pale Akalla watu wananijua, vijana wote wananiita mzee wa raba, na sikujua wao wanamwona Wafula au wanamwona mtu anayeongea na hewa. Nikaona haya. Nikasema nitamvua tukiwa ndani ya treni.

Tukapanda. Alikaa mkabala na mimi, mikono juu ya magoti, anaangalia nje. Hakuna aliyekuja kukaa nasi, ila hilo lisikupe jibu, Waswidi hata ukiwa hai hawaji kukaa karibu nawe. Nikaanza kumwambia kwa sauti ya chini anyooshe mguu. Tukafika Kista, akaingia Mama Furaha, Mkongo, tunasali naye. Akaniona nimeinama, midomo inacheza.

"Unasemaka na nani, papa?" akaniuliza.

Wafula akaniangalia. Alikuwa anangoja nimtambulishe, kama mtu anavyongoja. Mama Furaha alikula kwenye msiba wake, alimwimbia mpaka sauti ikakauka.

"Nipo kwenye simu," nikasema.

Wafula akageuza uso dirishani. Tukafika katikati ya mji.

Pale tulibadilisha treni. Msongamano ulikuwa mkubwa, watu wanatoka kazini, nikajiambia si hapa, tukishaingia ile ya Tumba. Tukaingia ile ya Tumba, ikawa imejaa vilevile. Kila kituo nilijiambia kinachofuata. Nilijua kila kituo kinamkaribisha kwa yule mtoto, nilijua kabisa, na bado nilikuwa naogopa macho ya watu ambao hata majina yao siyajui. Mwishowe nikajifanya nafunga kiatu changu mwenyewe, nikainama, nikapeleka mkono. Nikaishika kamba. Ilikuwa ya baridi sana. Na nilipokuwa nimeishika nikaona ngozi ya pale juu ya vidole, haijapata hata kunyanzi moja. Nikafikiri, bado mpya. Nikafikiri, nikimvua vizuri hazitajulikana zilivaliwa.

Huyo ndiye mimi. Rafiki yangu maiti, mtoto wake hatarini, na mimi nakagua ngozi. Mtumishi wa treni akapita akaniuliza kama niko salama. Nikainuka haraka nikasema niko salama. Tukafika Tumba.

Alitembea mbele, anaijua njia. Soli ziliacha alama safi kwenye theluji. Nikajiambia mlango wa jengo una namba za kufungulia, yeye atakuwa amezisahau, mimi nitakataa, nitamvua palepale nje. Tulipofika akatokea jirani anatoka na mbwa, akatushikilia mlango. Wafula aliitikia kwa kichwa. Mbwa aligoma kupita, akavutwa kamba mpaka nje.

Tukapanda ngazi hadi mlangoni. Ndani Neema alikuwa anaimba, wimbo wa watoto wa Kiswidi, anaukosea na kuurudia. Harufu ya vitunguu ilikuwa inatoka. Wafula akainua mkono kugonga.

Nikaanguka magoti. Mwisho niliyaona yale magoti yakikubali, na hapakuwa na mtu wa kuniona. Nikaikamata kamba.

"Ngoja amalize wimbo," akaniambia. "Nimsikie tu, kisha univue."

Sikungoja. Ningeweza kungoja. Wimbo wenyewe ulikuwa mfupi, na mkono alikuwa ameushusha, hakuwa anagonga tena, alikuwa ameegemeza sikio mlangoni. Lakini niliogopa, nikafungua moja nikaivuta, nikafungua ya pili nikaivuta kwa nguvu mpaka akayumba. Miguu yake ilikuwa mitupu, ya kijivu.

"Sakafu ina baridi," akasema.

Akashuka ngazi. Hakukimbia, hakunilaumu, hakuniaga. Nyayo zake hazikutoa sauti.

Mlango ukafunguliwa. Shemeji alikuwa na mwiko mkononi. Mimi nimepiga magoti kwenye zulia lake la mlangoni, buti zangu ziko miguuni, na raba mpya nimezikumbatia. Neema akapenya chini ya mkono wa mama yake. Hakuniangalia mimi. Aliangalia ngazi, kule chini, akapunga mkono, kisha akamuuliza mama yake kwa Kiswidi mbona baba hana viatu.

Shemeji akatazama ngazi. Hapakuwa na mtu. Akamtazama mtoto, akanitazama mimi, halafu akatazama nilichokumbatia.

"Shemeji," akasema, "viatu hivyo ni vya nani?"

Huo ndio uliokuwa wakati wangu. Ningemwambia yote pale pale mlangoni, droo, kitambulisho, shangazi, treni. Angenifukuza, na ningestahili, lakini angejua. Nikafungua mdomo.

"Vyangu," nikasema.

Nikamrudishia kitambulisho, nikamwambia yale ya kazini yamekamilika. Akanishukuru tena, huku ananiangalia kwa jicho la mashaka. Nikaenda zangu na raba kwapani.

Ungeniuliza kama yaliishia hapo ningefurahi sana. Siku chache baadaye shemeji akanipigia simu. Hakuwa na hasira. Akasema kuna jambo la ajabu: Neema anasema baba yake anatembea miguu mitupu kwenye theluji, kwa hiyo kila jioni, kabla ya kulala, anachagua raba moja kabatini, jozi nzuri, anaiweka nje ya mlango. Shemeji alikuwa amemwachia, aone itakuwaje. Mtoto analala vizuri, akasema, hajalala hivi tangu msiba. Kuna ubaya gani?

Unaona? Yeye ni wa Iringa. Yeye aliambiwa ni desturi tu, asijali. Mimi ndiye niliyemwambia.

Nilivaa koti nikaenda Tumba jioni ileile. Namba za mlango wa jengo nazijua. Nikapanda ngazi kwa vidole, nikazikuta pale kwenye zulia, zimepangwa vizuri, kamba zimelegezwa tayari kwa mguu kuingia. Nikazichukua. Asubuhi Neema akafungua mlango, hakuzikuta, akapiga makofi. Baba amezichukua. Na jioni akaweka nyingine, kwa sababu baba amezipenda.

Tangu siku hiyo, hiyo ndiyo kazi yangu. Nikitoka zamu napanda treni ya Tumba. Sijui yeye yuko wapi, labda yuko kwenye zile ngazi, labda ananitazama nikichukua zawadi za mtoto wake. Ninachojua ni kwamba jioni moja nikikosa treni, atazikuta kabla yangu. Shemeji naye ameanza kusema si baba, ni mwizi, majirani wameona mtu wa koti jeusi. Ameniomba mimi, shemeji yake, rafiki wa mumewe, nije nikae nao jioni moja nimsaidie kumkamata.

Na zile raba ziko wapi? Ziko kwangu. Chumba kizima. Ndoto ya mtu kama mimi, mkusanyo wote wa Wafula, na kila moja ni saizi yangu. Wiki iliyopita, nitasema tu, nilijaribu moja mguuni. Ilinikaa vizuri kuliko zangu mwenyewe. Nilitembea nayo mpaka jikoni na kurudi, nikajiona kwenye kioo, nikakaa chini sakafuni nikalia.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kwa hiyo wewe unayeingia kwenye droo hizo, andika jina lako, likishindwa lishindwe. Marehemu wako mfute kwenye simu, hata kama inauma. Na kama umeshalitumia jina lake, usiwe kama mimi, nenda kwa mke wake leo, ukiwa bado unaweza kumtazama usoni, umwambie. Mimi kila jioni napanda zile ngazi nikisema leo nitagonga. Kisha naona raba, nainama, nazichukua. Kabatini kwao, Neema aliniambia kwenye simu, imebaki jozi moja tu, zile nyeupe zilizorudi kutoka Bungoma.